Je, Malaika Walidanganya? Neno juu ya Amani ya Noeli

Masomo: Luka 2:1-20, Luka 10:5-6, Luka 19:1-10 na 37-44



Mafundisho haya yalipita hewani mara mbili mwezi huu. Wengi wenu mliomba yaandikwe, kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kipindi, na wengine redio zao ziliishiwa na mawe. Nimeyaandika kwa urefu kidogo kuliko nilivyoyasema. Sehemu ya mwisho haikupita hewani kabisa, maana wakati ule jambo lenyewe nilikuwa bado sijalitenda.

Yote yalianza na swali la mama mmoja wa kwaya. Ilikuwa siku ya posho, tumemaliza mazoezi ya nyimbo za Noeli. Wenzake walipotoka, yeye alibaki akikunja kitenge chake polepole, nikajua ana neno. Mume wake alitoka nyumbani, huu ni mwaka wa nne, kwenda kuangalia shamba lao kijijini. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana. Mama huyu ana watoto watano, na juu yao amepokea wawili wa dada yake waliokimbia vita. Akaniambia: «Pasta, naimba wimbo huu wa amani duniani tangu nikiwa mtoto. Sasa nina miaka 38. Unieleze vizuri: malaika walidanganya, ao ni sisi hatukuelewa wimbo?»

Nilitaka kumjibu palepale. Sisi wachungaji tuna majibu yaliyopangwa tayari kama nguo sandukuni, na moja lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wangu: «Mama, amani iko moyoni.» Si uongo. Lakini nilikumbuka Yeremia 6:14, pale Mungu anapowakemea makuhani na manabii wanaoganga jeraha la watu juujuu, wanataja amani na amani yenyewe haipo. Nikamwambia: «Mama, nipe juma moja.» Akacheka kidogo, akaenda.

Juma lile nilirudia Injili ya Luka yote, kuanzia sura ya kwanza mpaka ya mwisho, nikitia mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila neno «amani». Haya ndiyo niliyoyaona.

Luka haanzi hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu na malaika. Anaanza na serikali. Kaisari Augusto anatoa amri, watu wote waandikwe. Tunausoma mstari huu mbiombio ili tufike kwenye hori, lakini watu wa kwanza waliosoma Luka walisimama pale, kwa kuwa jina la Augusto na neno amani yalikwenda pamoja kama bukari na sombe. Huyu ndiye aliyemaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Roma. Katika mwaka 13 kabla ya Kristo, baraza la wazee wa Roma liliamua kujenga madhabahu ya Amani kwa heshima yake, nayo ikawekwa wakfu mwaka 9 kabla ya Kristo. Ni ya mawe meupe, na hata leo watu wanakwenda kuiangalia kule Roma. Mwaka uleule wa 9, katika jimbo la Asia, ambalo leo ni nchi ya Uturuki, wakubwa waliamua kwamba siku ya kuzaliwa ya Augusto iwe ndiyo mwanzo wa mwaka, wakalichonga tangazo hilo kwenye mawe. Jiwe moja lilipatikana katika magofu ya mji wa Priene. Linamsifu Augusto kuwa mwokozi aliyekomesha vita, na linasema kuzaliwa kwake kulikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu.

Sasa fungua Luka 2:10-11. Habari njema. Kuzaliwa. Mwokozi. Unaona? Malaika anayachukua maneno yaleyale ya matangazo ya serikali, anayaondoa juu ya mtu mkubwa kuliko wote duniani, na anayaweka juu ya mtoto aliyelazwa mahali pa kulishia wanyama. Wachungaji wa kondoo hawakuwa wajinga. Walijua nani katika nchi aliitwa mwenye amani, na usiku ule walisikia jina jingine.

Amani ya Augusto ilikuwa ya namna gani? Tusiseme uongo, ilikuwa na faida. Barabara zilipitika, na Paulo mwenyewe alitembea juu ya barabara zile akihubiri. Lakini ililindwa kwa msalaba. Herode alipokufa, mwaka 4 kabla ya Kristo, watu waliasi mahali pengi, na Varo, gavana wa Siria, akashuka na majeshi yake. Yosefo, mwandishi wa historia wa Wayahudi, anasema Varo alisulubisha watu wapata 2,000. Anasema pia kwamba mji wa Sepphoris ulichomwa moto na wenyeji wake wakafanywa watumwa. Kutoka Sepphoris mpaka Nazareti ni kilomita kama 6 tu. Mtu anakwenda na kurudi kabla jua halijakuwa kali. Basi Yesu alikulia karibu na mji ambao ulikuwa umeungua, na bila shaka alikuwa na majirani waliopoteza watu pale.

Kwa hiyo ile Noeli ya kwenye kadi, yenye theluji na kondoo safi kama pamba, tuiache kwenye kadi. Bwana wetu alizaliwa katika nchi ya amri za kuandikisha watu, ya askari wanaoingia kijijini kutafuta watoto wa kiume, ya baba anayeamshwa usiku ili achukue mke na mtoto akimbilie nchi ya ng'ambo. Matayo 2 haihitaji kuelezwa kwa watu wa Kivu. Malaika hawakuimba juu ya nchi tulivu. Waliimba juu ya nchi kama yetu, na walijua wanaimba wapi.

Sisi pia tunaijua amani ya matangazo. Lusaka, Julai 1999. Pretoria, Desemba 2002. Goma, Januari 2008. Addis Ababa, Februari 2013. Na nyingine zilizofuata. Vita ya 1996 ilipofika Bukavu nilikuwa na miaka 14. Nilitoka mjini nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, mama mbele na sufuria kichwani, na wakati ule watu wazima walisema ni jambo la majuma mawili. Sisemi karatasi zile ni za bure. Siku moja ambayo bunduki zimenyamaza ni siku moja mama anafika sokoni na anarudi, na Paulo anatuagiza tuwaombee wenye mamlaka ili tuishi kwa utulivu (1 Timoteo 2:2). Kanisa ambalo haliwaombei wale wanaoketi mezani kutafuta amani linaacha kazi yake. Lakini tumejifunza, kwa bei kubwa, kwamba bunduki kunyamaza na watu kupatana ni mambo mawili.

Katika Kiebrania amani ni shalomu. Mara nyingi tunasema maana yake ni «utulivu», lakini neno lenyewe ni pana zaidi. Ni ukamilifu, kitu kuwa kizima bila kupunguka. Ukuta usio na tundu, kundi ambalo hakuna kondoo aliyepotea, nyumba ambayo wote wamekula. Kuna jambo moja nililojifunza chuoni na sikulipa uzito mpaka mwaka huu. Kutoka katika shina hilohilo la shalomu linatoka tendo la kulipa, kurudisha kilichochukuliwa. Ndilo linalotumika katika Kutoka 22, mahali Musa anaposema aliyeiba kondoo arudishe wanne, na aliyeiba ng'ombe arudishe watano. Kwa masikio ya Mwebrania, amani na kulipa ni watoto wa tumbo moja. Wewe uliyekula feza ya mtu unaweza kumsalimia «shalomu» kutwa nzima, lakini neno lenyewe linakukumbusha deni.

Hapo ndipo tunaziona amani za uongo tunazozitafuta hasa mwezi huu wa Desemba. Baba anakopa ili watoto wavae nguo mpya, nyumba inacheka siku moja, na Januari yote ni ugomvi juu ya deni. Mwingine hana cha kununua, basi tarehe 24 anapotea nyumbani mpaka usiku wa manane kwa sababu anaona haya mbele ya watoto wake. Ndugu yangu, rudi nyumbani. Watoto wanataka kukuona wewe. Na kuna amani nyingine ya uongo, mbaya kuliko hizo, nami naisema wazi kwa sababu inahubiriwa hata na watu wanaobeba Biblia: nyumba ikiwa na shida, anatafutwa mtoto ao bibi mzee wa kubebeshwa kosa, anaitwa mchawi, anafukuzwa, na watu wanasema sasa tumepata amani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, sisi tunamfuata mtoto ambaye mfalme alimwona kuwa hatari kwa kiti chake. Kundi likimtupa mmoja halina shalomu. Limepunguka.

Turudi kwenye wimbo wenyewe. Luka 2:14 ina jambo ambalo limewachanganya wengi, kwa kuwa Biblia zetu hazisemi sawa. Nyingine zinaeleza amani kwa watu wenye mapenzi mema, nyingine mapenzi mema kwa watu, na nyingine, kama ile ya Segond tunayosoma kwa Kifaransa, zinaeleza watu ambao Mungu amewakubali. Tofauti inatoka kwenye herufi moja tu mwishoni mwa neno moja la Kigiriki katika hati za zamani. Hati zinazotegemewa zaidi zina herufi hiyo, na maana yake ni kwamba mapenzi mema hayo ni ya Mungu. Amani si mshahara wa watu wazuri. Inashuka juu ya watu ambao Mungu kwa neema yake ameamua kuwapenda, na wa kwanza kuisikia walikuwa wachunga kondoo walio kazini usiku, hata nguo hawakubadilisha.

Lakini inashukaje? Hapa ndipo kalamu nyekundu ilinisaidia.

Zakaria, baba ya Yoane Mbatizaji, anamaliza wimbo wake akisema Mungu ataongoza miguu yetu katika njia ya amani (Luka 1:79). Miguu, na njia. Simeoni mzee anashika mtoto na kusema sasa anaweza kwenda zake kwa amani, na kabla hajakaa chini anamgeukia Maria na kumwambia upanga utapita katika nafsi yake (2:29, 35). Hayo mawili ni katika kinywa kimoja, saa moja, ndani ya hekalu. Mwanamke mwenye dhambi nyingi anaambiwa aende kwa amani (7:50). Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anaambiwa hivyohivyo (8:48). Kila mara ni mtu mmoja, ana uso wake na ugonjwa wake.

Kisha sura ya 10. Yesu anawatuma wale sabini, wawili wawili, na anawapa salamu ya kusema kabla ya neno lingine lolote mlangoni: amani iwe kwa nyumba hii. Kama ndani kuna mwana wa amani, amani itakaa juu yake. Kama hayupo, itarudi kwa aliyeileta. Angalia vizuri, amani ya malaika waliyoiimba juu ya dunia nzima sasa imeshuka mlangoni, imefika nyumba kwa nyumba, kwa miguu yenye mavumbi, na inaweza kupokelewa ao kukataliwa. Augusto aliituma amani yake kwa jeshi, na hakuna aliyeulizwa kama anaitaka. Amani ya Yesu inabisha hodi.

Ndiyo sababu Yesu huyohuyo anasema katika 12:51 kwamba hakuja kuleta amani bali mafarakano. Wengi wanafikiri mstari huu unapingana na wimbo wa Noeli. Haupingani nao. Kitu kinachobisha hodi kitagawanya nyumba: huyu anafungua, yule anasema usifungue.

Na katika sura ya 19 Luka anaweka kitu ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote ya uchungaji wangu. Yesu anashuka Mlima wa Mizeituni juu ya mwana-punda, umati unaimba, na wimbo wao unafanana sana na ule wa Betelehemu, utukufu na amani. Lakini umati unaimba amani mbinguni (19:38). Malaika walikuwa mbinguni wakaimba amani duniani. Watu wako duniani, na wanaimba amani mbinguni! Mistari michache mbele Yesu anauona mji, analia, na kusema laiti Yerusalemu ungalijua yapasayo amani, lakini sasa yamefichwa machoni pake (19:42). Basi nilipata nusu ya jibu la yule mama. Malaika hawakudanganya. Amani ilifika kweli duniani, ikatembea, ikabisha, na mji ukafunga mlango. Yeye aliyeileta hakukasirika kwanza. Alilia.

Nusu ya pili iko juu kidogo katika sura hiyohiyo, kwa Zakayo wa Yeriko. Mtoza kodi, tajiri, mfupi, ambaye wote walimchukia na walikuwa na sababu. Yesu anaingia kwake. Hatusomi kwamba alimhubiria juu ya feza. Zakayo anasimama mwenyewe na kusema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne (19:8). Mara nne ile ya Musa, ya Kutoka 22! Ndipo Yesu anasema wokovu umefika katika nyumba hii. Hapa napenda tuelewane, maana sisi Wapentekoste tunajua kwamba mtu haokolewi kwa kulipa. Warumi 5:1 iko wazi: tunapata amani na Mungu kwa imani, kwa Bwana wetu Yesu Kristo, na aya ya 10 inaongeza kwamba tulipatanishwa tukiwa bado maadui. Ambaye hajazaliwa mara ya pili aanze hapo. Aje kwa Yesu jinsi alivyo, asingoje kwanza awe na cha kuleta. Lakini amani hiyo ikikaa ndani ya nyumba haiketi mikono mitupu. Inaanza kutafuta tundu lililo ukutani.

Kwa mama yule nilirudi juma lililofuata kama nilivyoahidi. Tuliketi kwenye ubao wa nyuma kanisani, mama pasta akiwa pamoja nasi. Nilimwonyesha Augusto, nikamwonyesha mji uliolia machozi ya Yesu. Alisikiliza. Kisha akauliza: «Na mimi, pasta? Mimi sikufunga mlango. Mbona mume wangu harudi?»

Wapendwa, hapo sikuwa na kalamu nyekundu. Nilimfungulia Matayo 2:18, Raheli anayelilia watoto wake na anakataa kufarijiwa. Roho Mtakatifu aliliandika lile katikati ya hadithi ya Noeli, na hakuna malaika anayetokea kumwambia Raheli anyamaze. Basi nanyi ndugu wa kanisa, acheni kuwaambia wajane «furahi, ni Noeli». Kuna wanaofika ibadani siku ile kwa nguvu zao zote, na kufika kwao ndiyo sadaka. Halafu nilimsomea Wafilipi 4:7, amani ya Mungu inayolinda moyo. Neno la Kigiriki Paulo alilotumia pale ni neno la askari wa zamu, anayesimama mlangoni usiku. Paulo aliliandika akiwa kifungoni, askari wa kweli wakimchunga. Hakusema askari wale wameondoka. Alisema ndani ya mlinzi kuna mlinzi mwingine. Nilimwambia mama kwamba sina ahadi kutoka kwa Mungu juu ya siku mume wake atakayorudi, na kama nabii yeyote atamletea ahadi hiyo akiomba bahasha, asimpe. Nilimwambia kwamba ninayo ahadi juu ya mlinzi. Na kwamba Yesu aliyefufuka, alipowaambia wanafunzi amani iwe kwenu, aliwaonyesha mikono na miguu yenye makovu (Luka 24:36-40), kwa hiyo amani yake haitudai tufiche makovu yetu.

Alikaa kimya muda mrefu. Mwishoni alisema ataimba, lakini nisimpange mstari wa mbele.

Sasa ile sehemu ambayo sikuisema hewani.

Usiku nilipofika kwa Zakayo ilikuwa saa tano, watoto wamelala, na somo likanikamata kwenye shingo. Baba yetu alipofariki alituachia parseli yenye nyumba mbili. Katika moja ninaishi mimi. Ya pili tuliipangisha, dola 50 kwa mwezi, na tulikubaliana mbele ya wajomba kwamba nusu ni ya mdogo wangu. Miezi ya kwanza nilimpelekea. Kisha minervali ya watoto ikanibana, kisha mama watoto akaugua, kisha nikazoea. Alipouliza, nilimjibu kama mkubwa anavyomjibu mdogo. Akaacha kuuliza. Ikapita miaka miwili. Tukikutana kwenye matanga tulishikana mkono, macho pembeni. Na kila siku ya Mungu nilisimama madhabahuni nikiwaambia ninyi: amani ya Bwana iwe nanyi.

Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mahubiri. Dola 25 mara miezi 24, ni dola 600. Zakayo alirudisha mara nne, mimi hata mara moja sikuwa nayo. Nilikuwa na dola 80, feza ya nguo za Noeli za watoto. Nikamwamsha mama watoto, nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema: «Watoto wana nguo za mwaka jana.»

Siku ya posho asubuhi nilikwenda kwake kwa mguu. Hakuniingiza ndani, tulikaa nje kwenye ubao. Nilimwambia: «Mdogo wangu, nilikula sehemu yako. Ni dola 600. Hizi ni 80. Kuanzia Januari mpangaji atakuletea wewe dola zote 50, nusu yako na nusu yangu, miezi 21, mpaka deni liishe.» Nilikuwa nimeiandika na kutia sahihi. Alihesabu feza, akasoma karatasi mara mbili, akaikunja na kuiweka mfukoni. Akasema: «Nimesikia.» Ni hivyo tu. Sikwenda kudai msamaha, na hakunipa. Nilisema mlangoni amani iwe kwa nyumba hii, nikapanda kilima kurudi. Kama ilikaa kwake ao ilinirudia, sikujua. Nilichojua ni kwamba mtoto niliyembeba mgongoni mwaka 1996 ana mvi pembeni mwa kichwa, na mimi sikuwa nimeziona.

Juzi mke wake alimpigia simu mama watoto wangu. Aliuliza kama siku ya Noeli baada ya ibada tutakuwa nyumbani, maana watoto wake hawajaonana na wetu siku nyingi. Akajibiwa tutakuwapo. Habari ya parseli hakuna aliyeitaja. Wao ni sita, sisi ni saba, na mama watoto amekwisha kwenda kwa jirani kuomba masahani.